Wote Waliopewa 463

Kila Jumamosi asubuhi, akishanyoa ndevu na kunywa kahawa yake, Norbert Zastrow alikwenda dukani kwa Wilma Kubale, Mtaa wa Nane, kuulizia namba moja tu. Wengine waliingia pale wakitafuta majina. Waliulizia wapigaji wakubwa, chipukizi wa mwaka huo, kadi za zamani ambazo mama zao walizitupa jalalani siku walipooa. Norbert hakuwa na habari na jina la mtu. Alikuwa akiigeuza kadi, anatazama nyuma, kwenye kona ya juu, na kama hapakuandikwa mia nne sitini na tatu, anairudisha mahali pake bila hata kuangalia sura iliyo mbele.

Zamani duka hilo lilikuwa la fundi viatu, marehemu mumewe Wilma, na mpaka mwaka huo wa 1991 bado lilinuka gundi na ngozi. Mji wa Manitowoc ulikuwa umepagawa na kadi za besiboli, zile zenye picha ya mchezaji mbele na takwimu zake nyuma, kama miji mingine yote ya Wisconsin. Daktari wa meno alikusanya, padri alikusanya, na mkuu wa zimamoto alikuwa nazo nyingi kiasi kwamba mkewe alikuwa hana pa kuweka mashuka.

"Leo nina kitu chako," Wilma alimwambia Jumamosi moja ya mwezi Mei, akiinama chini ya meza. Dukani walikuwamo watu wanne au watano. "Ya mwaka sitini na moja. Ile pekee uliyopungukiwa. Miezi minane naisaka, Norb, usije ukasema sikujali."

Norbert akaipokea. Ndani ya plastiki alikuwamo kijana mwembamba, masikio makubwa, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi. Kijana yule baadaye alikuja kuwa mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa wa ligi kuu, na hakuna mtu mle dukani ambaye hakumjua. Nyuma, kwenye kona, iliandikwa 463.

"Mbona umenuna?" Wilma akauliza.

"Sijanuna. Jua limenipiga machoni."

"Jua gani, na nje mvua inanyesha?"

Watu wakacheka. "Mwache mwenzako," akasema daktari wa meno. "Anafurahi kwa ndani. Mtu anayempenda mdogo wake hadi kuisaka namba ya kadi yake namna hii utampata wapi? Mimi ndugu zangu hata simu hawanipigii."

Norbert akalipa, akaitia kadi mfukoni mwa shati, akarudi nyumbani. Hakuingia chumbani ilikokuwa albamu yake. Alizunguka hadi banda la gari, akapanda kigoda, akateremsha kopo la misumari kutoka rafu ya juu, akaizika kadi ile chini ya misumari, akalirudisha kopo. Kisha akaingia ndani, mkewe Arlene akampakulia soseji na viazi, akala.

Ukweli ni kwamba albamu ile haikuwa na chembe ya upendo ndani yake. Ilikuwa ni wivu mtupu, wa miaka mingi, uliopangwa vizuri kwenye kurasa za plastiki.

Norbert na mdogo wake Delmar walikulia nyuma ya tanuri la mikate la baba yao. Delmar alikuwa mrushaji, na Norbert, aliyemzidi miaka mitatu, alikuwa mdakaji wake. Tangu Delmar ana miaka saba, kila mpira aliourusha uliishia kwenye glavu ya kaka yake. Kidole cha pete cha mkono wa kulia wa Norbert kilivunjika mara mbili kwa kazi hiyo, na mpaka leo kimepinda kama ndoano. Yeye ndiye aliyemfundisha Delmar kuuficha mpira hadi dakika ya mwisho. Yeye ndiye aliyejua mpigaji gani ataogopa nini. Na kwa upigaji, waulize watu wazima wa Manitowoc, Norbert alikuwa hodari kuliko mdogo wake mara nne.

Kiangazi cha 1966 alikuja msaka vipaji wa ligi kuu. Alikaa ndani ya gari lake siku tatu, akitazama kupitia kioo na kula tufaha. Siku ya tatu, mchezo ulipokwisha, alivuka uwanja akaja moja kwa moja kwa Norbert, akamshika mkono. Norbert alihisi miguu imekuwa myepesi. "Wewe ndiye unayemdaka yule bwana mdogo?" yule mtu akauliza. "Kwani mkono haukuumi?" Norbert akasema hapana, hauumi. Yule mtu akatikisa kichwa kwa heshima, akampita, akaenda kuzungumza na Delmar. Maneno yake kwa Norbert yalikuwa ni hayo tu, hakuongeza jingine.

Delmar akaenda zake. Alizunguka kwenye ligi ndogo miaka mingi, na mwaka 1972 akapanda hadi ligi kuu, akarusha katika michezo arobaini na mmoja, bega likamfia, ikawa basi. Lakini mwaka huo alitokea kwenye kadi. Baba yao aliitia kadi ile kwenye fremu, akaitundika kando ya kisanduku cha fedha pale tanurini, na kila aliyekuja kununua mkate aliisalimia kwanza ile picha. Norbert alifunga ndoa mwezi uleule kadi ilipotoka. Kwenye sherehe, shangazi zake walikuwa wakipokezana ile kadi mezani, wanasema Del kapendeza na kofia. Hata baba yao alipofariki miaka kadhaa baadaye, baada ya Norbert kumbeba kwa mikono yake kumpandisha na kumteremsha ngazi miezi mitano, mchungaji alisema kanisani kwamba marehemu alijaliwa kumwona mwanawe kwenye kadi. Akasema mwanawe, kana kwamba alikuwa naye mmoja.

Donge hilo Norbert hakuweza kulimeza wala kulitema. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha masufuria ya alumini, na watu walipomwona njiani walimuuliza, "Del hajambo?"

Siku moja, kiangazi kile cha 1972 kadi ilipotoka, alikaa peke yake na kifurushi cha kadi za mwaka huo, akaanza kuzipanga kwa namba. Akaona jambo. Namba mia moja alikuwa nyota. Mia mbili, nyota. Mia tatu, nyota mkubwa kuliko wote. Zilizoishia na hamsini walikuwa watu wa kutajika. Zilizoishia na sifuri moja, wachezaji wazuri. Zilizoishia na tano, watu wa kutegemewa. Na waliobaki, wenye moja na mbili na tatu na saba, walikuwa watu wa kujazia tu. Akachukua kadi za mwaka uliotangulia, akaona hivyohivyo. Kumbe kuna mtu huko kwenye kiwanda cha kadi, kwenye meza yake, aliyejua nani ni nani, na alikuwa akiandika hukumu yake nyuma ya kadi, kwenye kona, ambako hakuna anayetazama.

Akaigeuza kadi ya Delmar. Mia nne sitini na tatu.

Jioni hiyo alikula chakula akashiba, na Arlene akamuuliza kulikoni leo ana furaha.

Hapo ndipo ilipoanzia. Alitaka kujua, miaka mingine, nani alipewa 463. Wa kwanza kumpata alikuwa mdakaji mmoja kutoka Oklahoma aitwaye Hollis Yancey. Akafungua kitabu cha takwimu: michezo tisa, basi. Akakata kipande cha karatasi, akaandika kwa mwandiko wake mdogo, "Michezo 9. Hakurudi," akakiweka chini ya kadi. Wa pili: "Michezo 22. Goti." Wa tatu: "Alirudishwa ligi ndogo mwezi Juni. Hakuitwa tena." Kila mmoja alikuwa dawa. Moyo ukimuuma, anafungua albamu. Na chini ya picha ya mdogo wake mwenyewe aliandika, "Michezo 41. Bega. Hakurudi."

Kilichoharibu mambo ni ule mwaka wa sitini na moja. Mwaka huo 463 walimpa chipukizi ambaye hakuna aliyemjua, naye akaenda kuwashangaza wote. Norbert aliligundua hilo mapema, kwenye orodha. Akaacha nafasi yake wazi, akaandika, "Haijapatikana."

*

Mwezi Juni Delmar alirudi nyumbani. Ndoa yake ya Arizona ilikuwa imekwisha, kazi ya kuuza magari imekwisha pia, na Arlene akasema chumba kilicho juu ya banda la gari kina kitanda kizuri na hakuna anayekilalia. Alikuja na masanduku mawili na mbwa mzee. Alikuwa amenenepa, nywele zimemtoka mbele, lakini bado alikuwa na kile kicheko kilichowafanya watu wasogeze viti karibu.

Ijumaa ya kwanza walimpeleka kula samaki wa kukaanga kwenye baa ya karibu na daraja, mahali ambapo Norbert na Arlene walikula kila Ijumaa kwa miaka kumi na minane. Siku hiyo hawakukaa peke yao hata dakika tano.

"Del Zastrow," alisema mkuu wa zimamoto, amesimama na glasi mbili za brandi. "Nilikuwapo siku uliyowatoa wapigaji kumi na sita kule Sheboygan."

"Kumi na saba," Delmar akasema. "Wa kumi na sita alikuwa shemeji yako, kwa hiyo labda uliona aibu kumhesabu."

Meza nzima ikacheka. Arlene alicheka hadi akajifuta macho kwa kitambaa cha mezani. Norbert alimtazama mkewe. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho yeye alimchekesha hivyo, na alipokosa, akakata samaki wake vipande vidogo vidogo.

"Kaka ndiye alikuwa ananidaka siku hiyo," Delmar akasema, akimwelekezea mkono.

"Ndiyo, ndiyo," akasema mkuu wa zimamoto bila kugeuka. "Haya tuambie, ligi kuu chakula kikoje?"

Wakienda nyumbani, Delmar amebaki baani na watu wake, Arlene akasema, "Shemeji amechangamsha watu, eh?"

"Amekuwa mnene," Norbert akajibu.

"Na wewe je?"

Akavuta tumbo ndani, akaongeza mwendo.

Jumatano iliyofuata, alipotoka kazini, aliona albamu haipo kwenye rafu. Akauliza. Arlene alikuwa akimenya viazi, uso unang'aa kama mtu aliyeficha keki.

"Nimeipeleka maktaba. Mtunza maktaba anataka kumfanyia Del maonyesho kidogo kabla ya sikukuu ya uhuru, Julai. Nikamwambia, mngejua mume wangu alichofanya kwa miaka yote hii. Nilipomwonyesha, Norb, machozi yalimlengalenga."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa. Wewe kila jema unalolifanya unalificha."

Norbert akaketi. Alitaka kumwambia. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini yule mwanamke alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu wakiwa vijana, naye hakuwa na nguvu ya kuizima taa hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Walikwenda wote watatu Alhamisi mchana. Mtunza maktaba alikuwa amezipanga kadi zote kwenye sanduku la kioo karibu na mlango, kila moja na karatasi yake chini, na juu bango: KAKA NA MDOGO WAKE, MIAKA KUMI NA TISA YA NAMBA MOJA. Kulikuwa na kina mama kama sita, na Wilma alikuwapo. Walimpigia Norbert makofi kidogo, ya kimaktaba. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake watu kumpigia makofi mbele ya Delmar, na hakuweza kuyafurahia hata kidogo.

Delmar aliinama kwenye kioo, mikono mgongoni, akaanza upande wa kushoto. Alisoma karatasi ya kwanza. Akasoma ya pili. Norbert alisimama nyuma yake akitazama shingo yake, ambayo ilikuwa ikibadilika rangi. Alisoma zote, moja moja, hakuruka. Alipofika kwenye ya kwake alikaa hapo muda mrefu kidogo. Kisha akaendelea hadi mwisho.

"Si ajabu hiyo?" Arlene akamwambia. "Kila mmoja amemtafutia habari zake."

"Ni kweli, shemeji," Delmar akasema. Akamgeukia kaka yake. "Mwandiko wako umekuwa mzuri siku hizi."

Akatoka nje kumfungua mbwa.

*

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Delmar hakuzitaja zile karatasi. Alikuja mezani, alikula, aliosha vyombo, alimshukuru Arlene. Hakutania tena. Norbert alijikuta anangojea atukanwe kama mtu anavyongojea basi. Akiwa kiwandani, mashine zikigonga, alikuwa akijibu matusi ambayo hayajatolewa. Kwani uongo? Si kweli ulicheza michezo arobaini na mmoja? Si kweli hukurudi? Lakini jioni, akimwona mdogo wake amekaa ngazini na yule mbwa, bega moja limeshuka kuliko jingine, majibu yake yote yaliyeyuka.

Sikukuu ya Julai timu ya mji ilicheza, na ilikuwa imepangwa kwamba Delmar atarusha mpira wa kufungua mchezo, Norbert adake. Mchana huo kulikuwa na joto, upepo wa ziwani umekata. Ndugu hao wawili walikwenda nyuma ya majukwaa kupasha viungo. Walisimama hatua chache tu, wakarushiana polepole. Kila Delmar alipoinua mkono, mdomo wake ulijikunja.

"Ile ya sitini na moja iko wapi?" akauliza ghafla.

Norbert akaushika mpira. "Haijapatikana."

"Kaka."

"Nimekwambia..."

"Wilma aliniambia alikupa mwezi Mei. Alidhani unaniwekea niione kwanza mimi." Delmar akanyoosha glavu kuuomba mpira. "Namjua aliyekuwa kwenye hiyo kadi. Unadhani sikuangalia? Sote tulikuwa tunaangalia. Siku kadi zilipokuja, hakuna aliyetazama picha yake. Tulizigeuza. Kila mtu alijua maana ya namba. Nilipoona tatu pale mwisho, nilijua wameshaamua, na bega langu lilikuwa bado zima siku hiyo."

Norbert akaurusha mpira bila kujua ameurusha.

"Nikaenda duka la vitu vya zamani," Delmar akaendelea, "nikanunua ile ya sitini na moja. Nikaitia kwenye pochi. Msimu mzima nilikuwa nayo. Nikishindwa, nikizomewa, naiangalia nasema, huyu naye walimpa hiihii. Iliisha ikawa kama kitambaa. Sasa wewe umewapanga wote walioshindwa, halafu yule mmoja ukamwondoa."

"Nilimficha kwenye kopo la misumari," Norbert akasema. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. "Nilitaka ionekane kwamba namba haikosei. Nimekuonea wivu tangu siku ile ya msaka vipaji. Hata baba alipokufa nilikuwa na wivu. Hiyo albamu si ya kukupenda, Del. Arlene ndiye anayefikiri hivyo."

"Nimeona. Najua kusoma."

Kutoka upande wa pili walisikia kipaza sauti kikijaribiwa. Delmar akavua kofia, akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Mimi naujua wivu," akasema. "Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilikaa karibu na jamaa mmoja ambaye watu wa kadi walimpa mia tatu. Alikuwa hafanyi mazoezi, anakula mikate kama mbuzi, na kila akirusha wapigaji wanashindwa, wanarudi kukaa. Nilikuwa nikimwangalia akifunga viatu natamani avunjike mguu. Siku moja akavunjika kweli, nikatapika."

Norbert akasubiri. Alidhani kuna kitu kingine kitafuata. Alidhani Delmar atasema na wewe pia, kaka, nilikuonea wivu, una nyumba, una mke anayekaa, ulikuwa na baba. Delmar hakusema. Alikuwa anaangalia nyasi, anamfikiria mtu wa mia tatu. Norbert akaona jinsi mambo yalivyo: hata wivu wa mdogo wake ulikwenda kwa watu wengine. Ikamuuma upya, mahali pengine.

"Kwa hiyo tunafanyaje?" akauliza.

"Tunafanya nini? Tunaitwa. Twende."

Delmar alisimama kwenye kile kilima kidogo cha mrushaji katikati ya uwanja, watu elfu mbili wakasimama naye. Norbert akachuchumaa, magoti yakalia. Mpira ulitoka mkononi mwa Delmar bila nguvu, ukashuka mapema, ukapiga udongo hatua mbili mbele na kuruka kushoto. Kwa miaka ishirini na mitano Norbert hakuwa amefanya kitu kama kile, lakini mwili ulijua. Aliangukia upande, akaupokea kwa kifua, akaukandamiza chini na ule mkono wenye kidole kilichopinda. Alipoinuka, vumbi hadi kwenye meno, umati ulikuwa unapiga makofi. Walikuwa wakilitaja jina la Delmar.

Delmar alishuka akaja, akamfuta vumbi begani. "Ungeupitisha ule ningeaibika," akasema.

"Ulikuwa mpira mbaya sana."

"Mbaya kweli."

Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, Norbert alikwenda maktaba na kopo zima la misumari, kwa sababu hakutaka kupekua misumari barabarani. Aliichomoa ile kadi mbele ya mtunza maktaba, akamwomba afungue kioo. Akaiweka kwenye nafasi yake. Halafu akaomba apewe karatasi zote zilizo chini ya kadi. Yule binti akashangaa, akasema ndizo watu wanazozipenda zaidi. Norbert akasema zina makosa, atazirekebisha.

Jioni ile Norbert alimweleza Arlene yote kwa kinywa chake mwenyewe. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, ameshika taulo la vyombo. Hakulia wala hakufoka. Alisema, "Miaka kumi na tisa nimekuwa nikikusifia kwa dada zangu," kisha akapanda juu, na kwa siku nne chakula kilikuwa mezani lakini mwenye kukipika hakuwapo. Hilo nalo Norbert alilibeba. Siku ya tano alishuka, akamwuliza kama karatasi zimekwisha kurekebishwa. Norbert akasema hajui aandike nini. Arlene akamwambia, "Si umwulize anayewajua?"

Ndipo Jumapili moja ya Julai wakakaa jikoni wote watatu, kadi zilizorudi kutoka maktaba zimetandazwa kati ya siagi na jagi la maziwa, na Delmar akaanza kusema. Alikuwa anawajua saba kati yao.

"Huyu ana duka la tairi. Mabinti wanne, wote warefu kuliko yeye. Huyu alikuwa anaimba bafuni nyimbo za kanisa. Huyu usimwandike 'goti'. Goti lilipona. Alirudi kwao kwa sababu mama yake alipofuka."

Norbert aliandika. Alikuwa anaandika kwa kasi na huku wivu umemrudia, kwa sababu kila mtu aliyekuwa ametajwa alikuwa amekula na Delmar, amelala na Delmar basi moja, amecheka naye mahali ambapo yeye hakuwapo wala hakualikwa. Aliandika hata hivyo.

Alipofika kwa Hollis Yancey, Delmar akaingiza mkono mfukoni, akatoa kijitabu cha simu kilichochakaa. "Huyu nilicheza naye ligi ndogo," akasema. Akainuka hadi kwenye simu ya ukutani, akazungusha namba, akaongea dakika moja kwa kicheko, kisha akamnyooshea Norbert mkono wa simu. "Ongea naye."

"Nimwambie nini?"

"Wewe ndiye uliyemweka kwenye albamu."

Norbert akaishika simu kwa mikono miwili. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mzee mkarimu, na nyuma yake mtoto alikuwa akililia kitu. Norbert akajitambulisha. Akasema anakusanya kadi, na anayo ya bwana Yancey. Kisha, kwa kuwa hakuwa na swali jingine, akauliza kama anaikumbuka namba yake.

"Namba gani?"

"Ya kadi. Nyuma, juu kwenye kona."

"Kumbe zilikuwa na namba?" Yancey akauliza. "Mimi niliangalia picha tu, bwana. Mama alisema nimetoka na tumbo. Alizigawa kanisani zote, sikubaki hata na moja."

Norbert aliegemea ukuta. Mtu mwenye michezo tisa, na hajawahi hata kuigeuza. Alimwonea wivu palepale, wivu mkali kuliko aliokuwa nao kwa yeyote mle jikoni, na akajua kwamba huu hauna albamu.

"Nitakutumia moja," akasema. "Ninazo mbili."

"Ubarikiwe. Na wewe ulicheza?"

"Hapa mjini tu. Nilikuwa mdakaji."

"Wa Del?" Mzee akacheka. "Basi ni wewe. Mimi nilimdaka wiki mbili pale Toledo, alikuwa hakubali ishara yangu hata moja ya arushe vipi. Kila nikimwonyesha anatikisa kichwa. Nikamwuliza, kwani wewe umezoea kudakwa na nani?"

"Akasemaje?"

Arlene alikuwa ameshaweka supu mezani na alikuwa akimwonyesha kwa kijiko kwamba inapoa. Norbert akampa mgongo, akauvuta waya wa simu hadi mwisho wake, akaingia nao ukumbini ili asikie vizuri.